Mkuu wa Wilaya aliamuru mume wangu awekwe ndani saa 48. Je, Katiba inamlinda?

Swali: "Mume wangu ni fundi seremala, na sisi ni watu wa kawaida kijijini. Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano wa hadhara ambao Mkuu wa Wilaya alihudhuria. Mume wangu alisimama akauliza kwa nini mapato na matumizi ya michango ya zahanati hayajasomwa kwa mwaka mzima. Mkuu wa Wilaya alisema anachochea watu wasichangie, akawaamuru polisi wamweke ndani saa 48 'ajifunze adabu'. Alikaa mahabusu tangu Alhamisi alasiri hadi Jumamosi alasiri. Hakuandikwa maelezo, hakupelekwa mahakamani, kisha akaachiwa na kuambiwa aripoti kituoni kila Jumatatu. Mtendaji wa kijiji anasema Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Rais na hashtakiwi. Shemeji yangu anayesoma chuo anasema Katiba imetoa uhuru wa maoni, kwa hiyo hiyo sheria ya saa 48 ni batili na tufungue kesi mara moja. Nani yuko sahihi, na sisi tufanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, pokea pole, wewe na mumeo. Kulala mahabusu siku mbili kwa sababu ya swali lililoulizwa mbele ya watu wote ni jambo linalomuumiza mtu kwa muda mrefu kuliko saa zenyewe, na ninaelewa kwa nini familia sasa imegawanyika kati ya wanaosema mnyamaze na wanaosema mwende mahakamani kesho. Mtendaji wenu amekosea. Shemeji yako naye yuko nusu sahihi, na nusu aliyokosea inaweza kuwagharimu fedha na muda. Kabla ya hayo, hilo agizo la kuripoti kila Jumatatu ndilo jambo la haraka kuliko yote uliyoyaeleza. Nitalirudia, lakini ukisoma hadi hapa tu na ukalazimika kuacha, tafuta wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya Jumatatu ijayo.

Nianze na mtendaji. Ni kweli kwamba Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais na humwakilisha katika wilaya yake. Lakini kinga dhidi ya mashtaka iliyoandikwa katika Ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ni ya Rais, na hairithiwi na kila aliyeteuliwa naye. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu aifuate Katiba na sheria, na katika ibara hiyohiyo kila mtu amepewa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda. Neno "kila mtu" linamhusu fundi seremala na linamhusu Mkuu wa Wilaya. Katika kazi yangu nimeona watu wengi waliopoteza haki zao kwa sababu tu mtu mwenye muhuri aliwaambia kwamba haiwezekani, nao wakaamini bila kumwomba awaonyeshe ni wapi palipoandikwa hivyo.

Shemeji yako anastahili jibu refu zaidi. Ibara ya 18 kweli inalinda uhuru wa kutoa maoni, na Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu, nami sioni mfano ulio wazi zaidi wa haki hiyo kuliko mwanakijiji kuuliza mchango wake ulitumikaje. Lakini Ibara ya 15, inayolinda uhuru wa mtu binafsi, haikusema kwamba mtu hakamatwi kabisa. Imesema kwamba mtu hatakamatwa, hatafungwa wala kunyimwa uhuru wake isipokuwa katika mazingira na kwa utaratibu uliowekwa na sheria, au katika kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Kwa hiyo hatuwezi kuishia kwenye Katiba peke yake; inatupeleka kuitafuta sheria, na tukishaipata inatutaka tuulize kama iliyofuatwa ndiyo hasa hiyo sheria. Hapo ndipo mumeo ana nguvu zaidi, pengine kuliko mnavyodhani.

Sheria yenyewe ipo. Ni Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ambayo kifungu chake cha 7 kinampa Mkuu wa Mkoa, na kifungu cha 15 kinampa Mkuu wa Wilaya, mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe. Inatumika Tanzania Bara. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba ina milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni wa mtu aliyetenda kosa la jinai mbele ya kiongozi huyo, au anayejulikana kutenda kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo. Mlango wa pili ni wa mtu ambaye kiongozi ana sababu ya kuamini kwamba anaelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu wa umma, na kwamba hakuna njia nyingine ya kulizuia jambo hilo isipokuwa kumweka kizuizini. Mlango wa tatu, wa mtu aliyemuudhi kiongozi, au aliyeuliza swali gumu, au anayehitaji kufundishwa adabu, haumo katika sheria hiyo.

Sasa tuje kwenye hizo saa 48, kwa sababu hapa ndipo wananchi wengi, na kwa bahati mbaya baadhi ya viongozi, wamezoea kuisoma sheria kinyume. Husemwa kana kwamba ni kifungo kidogo ambacho Mkuu wa Wilaya anaweza kukitoa, jinsi hakimu anavyotoa miezi sita. Sivyo ilivyoandikwa. Saa 48 ni ukomo wa nje: mtu aliyekamatwa kwa amri hiyo anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya muda huo, na asipofikishwa ni lazima aachiwe. Sheria inamtaka pia kiongozi aandike sababu za amri yake, na nakala ya sababu hizo imfikie hakimu. Wazo lililo nyuma ya masharti haya ni kwamba mtawala anaweza kuzima moto unaoanza kuwaka, lakini kuamua nani aliuwasha na aadhibiwe vipi ni kazi ya mahakama, ambayo Ibara ya 107A imeitaja kuwa ndicho chombo chenye kauli ya mwisho katika utoaji wa haki nchini. Ibara ya 13(6) inaongeza kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai hatatendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa hilo. Mtu anayewekwa ndani saa 48 kamili, bila kosa kutajwa, bila maelezo yake kuchukuliwa na bila hakimu kujulishwa, kisha akaachiwa saa zilipotimia, ametumikia adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

Ndiyo maana maneno "ajifunze adabu" yana uzito mkubwa katika habari yako. Kama kuna watu walioyasikia na wako tayari kuyasema mbele ya hakimu, yanaonyesha kusudi, na kusudi la kuadhibu halimo katika milango ile miwili. Sheria hiyohiyo ya 1997 imekwenda mbali hadi kutamka kwamba kiongozi anayeyatumia mamlaka haya kinyume na masharti yake anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mtendaji wenu, aliyesema kiongozi huyo hashtakiwi, hakuisoma sheria inayompa kiongozi huyo mamlaka yake.

Huenda unajiuliza mamlaka kama haya yalitoka wapi. Hayakuanza mwaka 1997. Baada ya uhuru, sheria za mwaka 1962 ziliwapa wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo mamlaka ya kumweka mtu ndani kwa saa 48, katika mfumo ulioiga kiti cha Mkuu wa Wilaya wa kikoloni, aliyekuwa mtawala, mkusanya kodi na hakimu kwa wakati mmoja. Wakati huo nchi haikuwa na tamko la haki za binadamu ndani ya Katiba, kwa kuwa serikali ya uhuru ililikataa ikiona lingeikwamisha katika kujenga taifa changa. Haki hizo ziliingizwa kwa marekebisho ya tano ya Katiba mwaka 1984, zikaanza kutumika mwaka 1985, na hata hapo ikawekwa miaka mitatu ya kusubiri, hivi kwamba mwananchi aliweza kuzipeleka mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Ninayaeleza haya ili uone kwamba sheria iliyomgusa mumeo ina mizizi katika zama ambazo mtawala hakuulizwa, ilhali Katiba inayopaswa kuipima imebadilika.

Je, basi sheria yenyewe si batili, kama asemavyo shemeji? Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi kile inachoikiuka. Lakini ubatili huo lazima utamkwe na mahakama, na mpaka utamkwe polisi na mahakimu wataendelea kuitumia sheria kama ilivyo. Zaidi ya hapo, Ibara ya 30 inaruhusu haki zetu ziwekewe mipaka na sheria kwa ajili ya mambo kama usalama na utulivu wa umma. Serikali ikishtakiwa hukimbilia ibara hiyo, na si kosa, kwa kuwa hakuna nchi inayoweza kuishi bila mipaka ya aina hiyo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Mahakama ya Rufani imeshaweka kipimo cha mipaka hiyo. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, lililoripotiwa mwaka 1993, mahakama ilikuwa inapima kifungu kilichomtaka mwananchi apate kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishtaki Serikali. Fikiria: unamwomba ruhusa yule unayemlalamikia. Mahakama ilikitangaza kifungu hicho kuwa batili, ikasema sheria inayobana haki ya msingi haiokolewi na Ibara ya 30 mpaka itimize mambo mawili: kwanza, isiwe ya kidhalimu, maana yake iwe na vizuizi vya kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela na dhidi ya wenye madaraka kuyatumia vibaya, pili, isibane haki zaidi ya inavyohitajika kwa busara ili kufikia lengo lake halali. Katika shauri la Daudi Pete, lililoripotiwa mwaka huohuo, mahakama hiyo ilikuwa imefuta kifungu kilichozuia dhamana kwa watuhumiwa fulani, kwa sababu kilikuwa kipana mno kiasi cha kuwanasa hata wasiokusudiwa.

Maoni yangu, na ninayatoa kama maoni, ni kwamba mlango wa pili wa kifungu cha 15 unaweza kupingwa kwa hoja nzito mbele ya kipimo hicho. Yule anayeamini kwamba amani itavunjika, yule anayeamuru na yule anayeandika sababu ni mtu mmoja, na mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeulizwa swali. Hata hivyo nisikupe matumaini ya bei rahisi. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Lakini mwaka 2020, katika shauri la Dickson Sanga, mahakama hiyohiyo ilikataa kufuta kifungu kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana, ikatengua ushindi ambao mwananchi alikuwa ameupata Mahakama Kuu. Mashauri ya namna hii huchukua miaka, na hata ukishinda, Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo.

Kuna kizingiti kingine ambacho shemeji yako hakukitaja. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994, inayoongoza mashauri ya kikatiba, inaitaka Mahakama Kuu isilishughulikie ombi kama mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine. Mumeo anayo njia nyingine. Malalamiko yake makubwa ni kwamba sheria haikufuatwa, na kwa hilo hahitaji kwanza kuiangusha sheria. Ningekuwa wakili wenu nisingeanza na kesi ya kikatiba.

Ningeanza kwa kufikiria kesi ya kawaida ya madai, ya kukamatwa na kuzuiliwa isivyo halali. Hapa Serikali ndiyo inayoshtakiwa, kupitia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Kabla ya kuifungua ni lazima itolewe notisi ya siku 90 inayoeleza madai yenu, ipelekwe kwa ofisi inayolalamikiwa na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kesi iliyofunguliwa bila notisi hiyo hutupwa hata kama madai yake ni ya kweli kabisa. Muda wa kufungua madai ya aina hii una ukomo wake kisheria, kwa hiyo mwulizeni wakili mapema ni ukomo upi unaowahusu, na msilale. Gharama ndiyo ugumu wake. Upande wa pili utakuwa na mawakili wa Serikali wanaolipwa mshahara, ninyi mtakuwa na nauli, ada na siku za kazi zinazopotea benchi la useremala likiwa limefunikwa. Fidia ikipatikana inaweza isifikie mlichotumia. Wapo wanaoamua kwamba kuandikwa tu katika hukumu kwamba alizuiliwa isivyo halali kunatosha, na wapo wanaoamua vinginevyo. Uamuzi huo ni wenu wawili, na hakuna aliye na haki ya kuwaita waoga.

Njia nyepesi zaidi ni malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ilianzishwa chini ya Katiba yenyewe na ina mamlaka ya kuchunguza matumizi mabaya ya madaraka ya viongozi wa ngazi hii. Hakuna ada, na barua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida inatosha. Udhaifu wake ni kwamba tume hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Lakini mtumishi wa umma anayetakiwa kueleza kwa maandishi sababu za amri yake, na ambaye hakuziandika siku ile, atakuwa na kazi ngumu ya kuzitunga leo, na majibu yake yatawafaa baadaye mkienda mahakamani. Barua kama hiyo mnaweza pia kumpelekea Mkuu wa Mkoa. Kuhusu kumfungulia mashtaka ya jinai Mkuu wa Wilaya, sheria inaruhusu, lakini mashtaka huongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na nisingewashauri muweke tumaini lenu lote hapo.

Njia yoyote mtakayochagua itasimama juu ya ushahidi, na ushahidi huu unayeyuka kila siku. Mumeo aandike leo, kwa mkono wake, kila anachokumbuka: saa aliyokamatwa, maneno yaliyosemwa na nani aliyasikia, askari waliomchukua, saa aliyoingia na kutoka mahabusu, kama aliambiwa kosa lake, kama alinyimwa kuwasiliana na wewe. Polisi wana wajibu wa kumweleza mtu sababu ya kukamatwa kwake, na kituo hutunza kumbukumbu za walioingizwa mahabusu. Wakili anaweza kuziomba. Waliohudhuria mkutano wanaweza kuwa na picha za video kwenye simu zao. Zihifadhini, lakini msizisambaze mitandaoni mkiambatanisha maneno ya hasira, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Kama alipigwa, hata kama ni kofi moja, aende hospitali na fomu ya polisi namba 3, ile tunayoiita PF3, na kama kituo kilekile kinasita kuitoa, mwende na mtu wa msaada wa kisheria.

Sasa Jumatatu. Mtu huripoti polisi kama sharti la dhamana, na dhamana huwepo pale palipo na tuhuma ya kosa. Mumeo hakutajiwa kosa na hakusaini dhamana yoyote uliyoieleza, nami sioni katika kifungu cha 15 mahali panapompa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumfanya mtu aripoti wiki hadi wiki baada ya kumwachia. Pamoja na hayo, asiache tu kwenda, kwa sababu inawezekana kuna jalada lililofunguliwa ambalo hamlijui, na kutoonekana kwake kunaweza kugeuzwa kuwa sababu ya kumkamata upya. Aende akiwa na wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Halmashauri yenu ina msajili msaidizi anayeweza kuwaelekeza kwa watoa huduma hiyo bila malipo. Aulize kwa heshima mambo matatu: anatuhumiwa kosa gani, jalada lake lina namba gani, na anaripoti chini ya sheria ipi. Asisaini karatasi yoyote ambayo hajaisoma na ambayo aliyemsindikiza hajaiona. Na ikitokea akazuiliwa tena Jumatatu hiyo, usisubiri saa 48 zipite: mpigie wakili saa ileile, kwa maana Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru mtu anayezuiliwa aletwe mbele yake na wanaomzuia waeleze ni kwa sheria gani.